Usinunue Plota kwa Macho: Ushauri kwa Wanaotaka Kufungua Duka la Mabango

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Usemi huo ni wa kweli kwa jembe, kwani jembe ni chuma na mpini, na mwenye nguvu na nia atalima hata kwa lililochakaa. Lakini zipo zana za siku hizi ambazo usemi huo hauzifai, na mojawapo ni plota, yaani mashine ya kukata herufi na picha za stika kwa kuongozwa na kompyuta. Anayenunua plota bila kuchagua anaitia akiba ya nyumba yake katika hatari isiyoonekana dukani. Hatari hiyo hujitokeza siku atakapoletewa kazi ndefu kwa mara ya kwanza.

Tumelileta jambo hili katika ukurasa wa nyumbani kwa sababu ni jambo linalozihusu nyumba za askari. Mtumishi wa jeshi au wa polisi anayekaribia kustaafu hujiuliza atakifanyia nini kiinua mgongo chake. Mama aishiye kambini hutafuta shughuli itakayoingiza senti bila kumtoa mbali na watoto. Kijana aliyemaliza shule na kujua kompyuta huwaambia wazazi wake kwamba angeweza kujitegemea kama angepata mashine. Duka la mabango ni jibu linalovutia. Halihitaji shamba wala ghala, na kila mji wa Uganda, tangu Arua hadi Kabale, una maduka, zahanati, shule, makanisa, misikiti na magari ya abiria yanayotaka kuandikwa. Anayepita Nasser Road mjini Kampala, mtaa uliojulikana kwa uchapaji kwa miaka mingi, hujionea mwenyewe jinsi kazi ya maandishi inavyowalisha watu wengi.

Basi hatuulizi leo kama biashara hiyo ni njema. Twauliza: mwenye fedha mkononi achague mashine kwa kipimo gani?

MASHINE YENYEWE NA KAZI YAKE

Zamani bango liliandikwa kwa brashi na rangi, na ubora wake ulitegemea mkono wa fundi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Gerber Scientific ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1948 na Joseph Gerber, mzaliwa wa Vienna, ilileta mashine iliyoitwa Signmaker III, ambayo ilikata herufi za stika kwa kufuata amri za kompyuta. Mwaka 1988 kampuni ya Roland DG ya Japani ilitoa plota zake za CAMM-1. Tangu hapo mashine za namna hiyo zimeenea duniani, na siku hizi zile zitokazo China zimeshusha bei hata mwenye mtaji mdogo akaweza kuzifikiria.

Ni lazima mnunuzi aelewe jinsi plota inavyofanya kazi, maana hapo ndipo penye ufunguo wa kuchagua. Stika ina tabaka tatu: plastiki iliyo juu, gundi iliyo katikati, na karatasi ya nyuma inayovibeba vyote viwili. Kisu cha plota hukata plastiki na gundi, na kuiacha karatasi ya nyuma nzima. Plastiki hiyo ni nyembamba mno. Aina itumikayo sana katika mabango ina unene wa karibu milimita 0.08, na ile bora ya magari karibu milimita 0.05. Kisu husogea kulia na kushoto juu ya reli, na wakati huo huo rola huisukuma stika mbele na kuirudisha nyuma. Miendo hiyo miwili ikiungana, herufi huchorwa.

Kwa hiyo herufi ni kazi ya kisu pamoja na rola. Rola zikiiachia stika ikateleza hata kidogo, kisu kizuri namna gani hakiwezi kuinyoosha herufi.

ANZA NA KAZI, HALAFU UTAFUTE MASHINE

Kosa lionekanalo mara nyingi ni la mtu kuingia dukani na kuuliza, "Ipi iliyo kubwa kuliko zote?" Heri aketi kwanza nyumbani na jamaa zake, achukue daftari, aandike kazi zinazopatikana katika mji wake. Je, ni majina ya maduka? Ni maandishi ya milango ya magari? Ni stika ndogo za pikipiki? Ni mikanda ya kuakisi mwanga kwa malori? Kila kazi iwe na vipimo vyake: ndefu kuliko zote ni mita ngapi, na herufi ndogo kuliko zote ni sentimita ngapi.

Akisha kufanya hivyo, ataona kwamba upana wa mashine haumsumbui sana. Majora ya stika huuzwa sana kwa upana wa sentimita 61 au 122, na jora la 122 huweza kugawanywa mara mbili. Plota inayokata upana wa karibu sentimita 60 yatosha kwa kazi nyingi za mji mdogo. Bango la bati la futi nane kwa nne laweza kuandikwa mistari miwili au mitatu, kila mstari ukakatwa peke yake, na mtazamaji asijue. Plota ya sentimita 120 inamfaa yule ambaye tayari ana kazi kubwa kila juma, kwani humpunguzia kuunganisha vipande.

Jamaa za askari wana sababu nyingine ya kufikiria mashine ndogo, nayo ni uhamisho. Leo mwenye nyumba yuko Mbarara, mwakani huenda akawa Gulu. Plota ya sentimita 60 hukaa mezani na watu wawili huibeba bila taabu. Ile ya 120 hudai miguu yake, nafasi yake na gari lake. Aidha wengi huanzia katika kontena lililogeuzwa duka, na kontena la kawaida lina upana wa ndani wa mita 2.35 hivi. Ukiweka humo mashine kubwa, meza ya kazi itakaa wapi? Na pasipo meza, herufi zitabandikwa wapi?

JAMBO KUU: KUSHIKA NJIA

Sasa tufikie jambo ambalo wauzaji hulitaja kwa nadra, ilhali ndilo la kwanza kwa uzito. Plota ikipeleka stika mbele mita tatu na kuirudisha, je, kisu hurudi mahali pale pale kilipoanzia? Mashine isiyoshika njia huisogeza stika upande kidogo kidogo. Ikipotoka milimita moja kwa kila mita, mwenye kukata jina la dukani la sentimita 50 hataona kasoro yoyote. Lakini atakapokata mkanda wa mita tano kwa ajili ya ubavu wa basi, mwisho wa mkanda utakuwa umepinda milimita tano, na kila apitaye njiani ataona.

Hasara yake huhesabika. Jora la kawaida lina mita 50. Kazi ya mita nne ikiharibika, asilimia 8 ya jora imekwenda jalalani. Ikiharibika mara tatu, karibu robo ya jora imepotea, na mwenye basi amekwenda kwa fundi mwingine.

Kwa sababu hiyo mnunuzi asikubali kuonyeshwa jina fupi lililokatwa vizuri. Tuchukue mfano wa sajini mstaafu aliyefika dukani pamoja na mkewe. Muuzaji atasema, "Afande, hii ni mpya kabisa, inakata milimita 800 kwa sekunde." Ni vema mgeni ajibu kwa upole, "Ahsante, ndugu yangu. Kasi nimeisikia. Sasa nionyeshe mita ya tatu."

Jaribio lenyewe ni jepesi. Stika ya mita tatu au nne ipangwe sawasawa, kisha mashine iamriwe kuipeleka mbele hadi mwisho na kuirudisha mara mbili au tatu bila kukata. Mtu atazame ukingo wa stika: ukiondoka kwenye alama ulipoanzia, mashine haishiki njia. Baada ya hapo ikate mraba mkubwa wa sentimita 50. Pima kwa utepe tangu pembe hadi pembe ya mkabala, pande zote mbili. Vipimo hivyo viwili vikilingana, mraba ni wa haki. Mwisho ikate duara na herufi ndogo za sentimita moja. Mahali mkato ulipoanzia na mahali ulipoishia pakutane barabara. Pakiachana, ujue kisu hakikupangwa vema au mashine imelegea.

Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kukujibu.

MOTA, NGUVU NA KISU

Plota huendeshwa na mota za namna mbili. Mota ya hatua husogea kwa vijihatua, ni ya bei nafuu, na mara nyingi hupiga kelele. Kwenye mkunjo wa herufi ndogo huweza kuacha menomeno. Mota ya servo hupewa taarifa ya mahali ilipo kila wakati, na ikikosea hujirekebisha. Hukata kwa ulaini na utulivu, lakini bei yake ni kubwa zaidi. Anayekata herufi kubwa za maduka ataishi na mota ya hatua. Anayetaka nembo zenye mikunjo mingi na stika ndogo hana budi kufikiria ya servo.

Nguvu ya kisu hupimwa kwa gramu. Stika ya kawaida huhitaji karibu gramu 80 hadi 120. Stika ya kuakisi mwanga ni nene na ngumu zaidi, nayo hudai nguvu nyingi zaidi. Mashine za duka zenye uwezo wa gramu 350 hadi 500 hubeba kazi zote hizo. Vimashine vidogo vya kukatia mapambo nyumbani ni vizuri kwa kadi na fulana za watoto, lakini visichukuliwe kuwa msingi wa duka la mabango.

Kisu chenyewe ni kidogo kuliko njiti ya kiberiti, nacho ndicho kinacholishwa kila siku. Kwa stika ya kawaida hutumika kisu cha nyuzi 45, na kwa stika nene cha nyuzi 60. Kabla ya kulipia mashine uliza visu vyake hupatikana wapi, kwa bei gani, na kama aina nyingine huingia katika kishikio chake. Mashine ambayo kisu chake huagizwa ng'ambo kila mara itasimama siku nyingi kuliko itakavyofanya kazi. Kadhalika uliza juu ya ukanda mwembamba wa plastiki ulio chini ya njia ya kisu, na juu ya rola za mpira. Vitu hivyo huchakaa; ni lazima vipuri vyake viwepo.

Ama kuhusu ile kasi ya milimita 800 kwa sekunde, msomaji asitishike. Katika kazi ya stika muda mwingi huliwa na mikono: kung'oa mabaki yaliyozunguka herufi, kubandika karatasi ya kuhamishia, kusafisha bati au kioo, na kubandika pasipo mapovu. Mashine ikimaliza kukata mapema kwa dakika mbili, haitampunguzia kazi anayetumia saa nzima kung'oa mabaki. Ukali wa kisu na usafi wa mkato humsaidia zaidi kuliko kasi.

JICHO NA LUGHA YA MASHINE

Baadhi ya plota zina jicho dogo linalosoma alama zilizochapwa kwenye karatasi. Jicho hilo huiwezesha mashine kukata kandokando ya picha iliyokwisha kuchapwa rangi. Ni faida kubwa kwa duka dogo, maana mwenye duka anaweza kuchapisha picha kwa wenye mitambo mikubwa, kisha akazikata mwenyewe. Pasipo jicho, atabaki na herufi na nembo za rangi moja moja. Kama fedha zaruhusu, jicho lina thamani kuliko upana ulioongezwa.

Plota nyingi huelewa lugha iitwayo HP-GL, iliyotungwa na kampuni ya Hewlett-Packard katika miaka ya 1970, ambayo huigawa kila milimita moja katika sehemu 40. Mashine inayoielewa lugha hiyo huweza kutumika na programu mbalimbali, ikiwamo Inkscape ambayo hupatikana bila malipo. Ile isiyoelewa ila programu ya mtengenezaji wake humfunga mnunuzi: siku programu ikikataa kompyuta mpya, mashine nzima hugeuka pambo. Uliza pia kama programu unayopewa ina leseni halali, na kama waya wa mashine unaingia katika kompyuta uliyo nayo.

UMEME, VUMBI NA MITUMBA

Plota haili umeme mwingi, lakini haipendi umeme unaokatika. Ukikatika katikati ya kazi, mashine husahau ilipofikia na kipande hicho huwa kimeharibika. Kifaa cha kuhifadhi umeme kitakachoishikilia plota na kompyuta kwa dakika chache ni sehemu ya bei ya mashine, wala si anasa. Soketi iwe na waya wa ardhini, kwa kuwa stika inaposuguliwa huzalisha umeme tuli unaoweza kukatiza mawasiliano na kompyuta. Vumbi letu jekundu nalo ni adui wa reli na rola. Mashine ifunikwe kwa kitambaa kila jioni.

Mashine za mitumba zaweza kuwa neema, hasa zile zilizotengenezwa imara. Lakini soma kibandiko kilicho nyuma. Iliyotengenezwa kwa soko la Japani huenda ikataka volti 100 pekee, na umeme wetu ni wa volti 240. Kuichomeka moja kwa moja ni kuiunguza. Tazama kama rola za mpira zimekuwa bapa, kama ukanda wa plastiki umechimbika, na kama kibebea kisu kinacheza ukikishika. Kisha ifanyie jaribio lile lile la mita tatu.

HESABU YA NYUMBA

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tuweke hesabu ya mfano, na kila nyumba iweke tarakimu zake. Tuseme plota, kompyuta, kifaa cha umeme, majora ya kwanza na meza vimegharimu shilingi 5,400,000. Tuseme duka, baada ya kulipia stika, pango na umeme, linabakiza shilingi 15,000 kwa siku, na linafunguliwa siku 24 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 360,000 kwa mwezi, na mtaji utarudi baada ya miezi 15, mradi mwenye duka asile kitu kutoka humo.

Sasa tuseme fedha hizo zilikopwa katika chama cha akiba na mikopo, na marejesho ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Duka lile lile, lenye wateja wale wale, lina upungufu wa shilingi 140,000 kila mwezi, nao utalipwa na mshahara au na karo za watoto. Mashine haikukosa, ni hesabu iliyokosa kufanywa mezani kabla ya kusaini. Baba na mama wa nyumba waifanye pamoja, na wote wawili wakubaliane.

Njia ya busara kwa asiye na uzoefu ni kuanza bila mashine. Apate wateja wawili watatu, awapelekee kazi wenye plota wamkatie, yeye ang'oe mabaki na kubandika. Katika miezi michache atajua kazi zipi huja mara nyingi, na mkono wake utakuwa umezoea. Siku atakapokwenda kununua, daftari lake litamshauri kuliko muuzaji.

MIPAKA YA SHERIA

Msomaji wetu ni askari au jamaa wa askari, kwa hiyo hili halihitaji maneno mengi. Namba za magari, nembo za jeshi na za polisi, na alama za magari ya serikali si kazi ya duka la mtaani pasipo idhini ya maandishi. Mteja akija usiku akitaka nembo ya polisi ya gari asilothibitisha kuwa ni la polisi, arudishwe. Mwenye duka atakayekubali atakuwa amemsaidia mhalifu, na cheo alichokuwa nacho zamani hakitamkinga. Na bango la kusimamishwa kando ya barabara huhitaji kibali cha mamlaka ya mji. Ni vema mteja akumbushwe kabla ya kazi kuanza.

Usalama wa nyumbani nao usisahauliwe. Visu vilivyochakaa vitiwe katika kopo lenye kifuniko, visitupwe penye watoto. Mabaki ya stika yakusanywe kila siku, kwani gundi yake hunasa kila mahali, na moshi wake yakichomwa si mzuri kwa mapafu.

Ndugu msomaji, utakapokwenda kununua, chukua mambo manne: daftari la kazi zako, utepe wa kupimia, mita nne za stika uliyoinunua mwenyewe, na mtu wa nyumbani kwako atakayeitumia mashine. Ikishika njia mpaka mita ya nne, ikifunga duara, vipuri vyake vikiwa mjini na marejesho yake yakiwa chini ya kipato cha duka, toa fedha kwa moyo mkunjufu na udai risiti yenye namba ya mashine na muda wa dhamana. Likikosekana hata moja katika hayo, rudi nyumbani na fedha zako. Plota nyingine itakuja sokoni. Kiinua mgongo hulipwa mara moja.